Fundisho kwa Wengine

Jirani yangu wa Ihanda alikiri mahakamani kwamba ndiye aliyeiba kahawa yangu iliyokuwa ikikauka kichanjani. Kabla ya kutoa adhabu, hakimu, mama mpole mwenye miwani, aliniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nikakohoa, nikasema, "Mheshimiwa, naomba afungwe, iwe fundisho kwa wengine."

Hakimu akavua miwani. "Wengine gani?"

Nikageuka. Kwenye mabenchi alikuwepo mke wa mshtakiwa, na mzee mmoja aliyeingia kujikinga na mvua. Mzee alikuwa amelala.

"Haya, wewe mwenyewe unataka nini?" hakimu akauliza.

Nikajikuta nasema, "Siku ile ya wizi alikuja kunipa pole, Mheshimiwa. Nikamwandalia chai. Akanisaidia kumlaani mwizi."

Hata karani alicheka. Mimi ninayewaandikia kila wiki katika safu hii kuhusu haki, kumbe nilitaka mtu afungwe kwa sababu alinifanya nionekane mjinga.

Jirani alihukumiwa kufyeka na kufagia mazingira ya zahanati, na kunilipa kahawa yangu akivuna yake. Tulipotoka mvua ilikuwa bado inanyesha na bajaji ilikuwa moja tu, hivyo tukabanana humo, mimi, yeye na mkewe. Njia nzima nilikaza uso, nikiona adhabu ya hakimu inahitaji kuongezewa kidogo. Dereva alitutazama kwenye kioo, kisha akauliza kwa upole marehemu alikuwa nani.