Jema Nililolimeza

Jumapili iliyopita, nikitoka misa ya Lubaga, nilipita kambi ya polisi nilikokulia. Vijumba vyetu vya mabati vimebomolewa; pamebaki nyasi na mfereji. Nikasimama pale, rafiki yangu, na wivu wa utotoni ukanirudia kana kwamba ulikuwa ukinisubiri.

Bibi alikuja Kampala na desturi yake kutoka kaskazini. Kila Jumamosi tulichambua simsim, yaani ufuta, yeye akaikaanga na kuisaga hadi uani kote kukanukia. Kabla ya kuonja, kila mtoto alitaja jema moja aliloliona kwa mtoto wa nyumba nyingine. Alisema akili ni ungo wako. Unachokiacha humo ndicho utakachokula.

Tatizo langu lilikuwa binti wa jirani, Mkongo. Wote walimtaja yeye: anaamkia wakubwa, anabeba maji bila kumwaga, anaimba hadi askari wanasimama. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Ana magoti makubwa."

Wenzangu wakaangua kicheko.

"Hayo ni magoti, mama, si jema," bibi akasema. "Chambua tena."

Ikaja Pasaka. Mwalimu wa kwaya ya watoto alitaka mmoja wa kuongoza wimbo, nami niliitamani nafasi ile hadi chakula kikawa hakipiti. Siku ya kuchagua, binti yule hakuwapo. "Nani anajua alipo?" mwalimu akauliza. Nilijua. Nilikuwa nimemwacha bombani akifua shuka za mama yake mgonjwa, na alikuwa ameniomba, "Dada, waambie ninakuja." Nikatazama sakafu. Nikachaguliwa mimi.

Alifika amechelewa, mikono ikinukia sabuni. Alinikazia utepe wa nywele, akaninong'oneza, "Imba kwa nguvu, dada. Ukisahau maneno, nitazame mimi."

Jumamosi hiyo nilikuwa na jema kubwa kuliko yote yaliyowahi kutajwa uani kwetu. Lakini kulisema kungefichua ukimya wangu. Nikasema tu, "Anafua vizuri." Bibi akafurahi, akanipa kijiko cha kwanza.

Bibi tumeshamzika kwao. Familia ya binti yule ilihamia nchi ya mbali. Wanangu hula kila mmoja na simu yake. Nami bado namwonea wivu yule binti, si kwa sauti yake tena, ila kwa moyo ule. Ukiona jema la mwenzako, rafiki, liseme mapema, hata likikuaibisha. Langu ninalo bado, na waliopaswa kulisikia hawapo.