Fundi wa Sakafu ya Rispa

Kabla ya kushika nyundo, fundi hulala kifudifudi, hugonga mbao kwa kidole na kutega sikio. Boriti kavu humchekesha, iliyolowa huiambia, “Pole sana, dada.” Rispa, mama yake Joyline, alikuwa ameziba matundu ya hewa chini ya nyumba yake kuukuu kwa magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, nyoka wasiingie. Unyevu ukakwama chini ya sakafu, maboriti yakaoza, naye akawa anapita sebuleni akikumbatia ukuta. Na Jumapili wakwe walikuwa wanakuja, watu wasiojua kusherehekea wakiwa wamekaa.

Fundi aliyazibua matundu, akaweka wavu, akabadilisha maboriti. Kisha akavua viatu, akaruka katikati ya sebule hadi vikombe vikalia kabatini. “Mama Joyline, kuja turuke!” Rispa akauachilia ukuta, na kigelegele kikamtoka kabla miguu haijatua.