Godoro Lililokwenda Shule

"Mama Magodoro, leo mumeo kakufukuza?"

Hilo ndilo swali alilotupiwa na jirani yake, fundi viatu, asubuhi alipotoka na godoro kichwani, halijajazwa hata nusu, huku analiburuza gunia la pamba.

"Godoro linakwenda shule," akajibu. "Mimi nalisindikiza tu."

Fundi alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Mama Magodoro hakugeuka.

Jina hilo kalipata kwa kazi yake. Anashona magodoro ya pamba kwa mkono tangu ujana, na kwa sindano hiyo amewalea wanawe wote, Mungu amemsaidia. Shule hakupelekwa, walipelekwa kaka zake. Mwanawe mkubwa yuko mbali, na salamu zake huja kwa simu, za maandishi, kwa hiyo kila zikija lazima atafutwe mtu wa kusoma. "Maneno ya mwanangu," aliniambia siku moja, "yananifikia yameshapita kwenye midomo ya watu. Mengine yananuka vitunguu."

Ndiyo maana taasisi ya elimu ya hapa mtaani ilipofungua darasa la watu wazima, yeye alikuwa wa kwanza kufika. Mungu awabariki walioianzisha, maana hawatafuti faida. Wamekodi ghala la zamani la mahindi, wakaweka madawati, wanamlipa mwalimu, na daftari na kalamu wanatoa bure. Mchana ni zamu ya watoto waliobaki nyuma kimasomo. Asubuhi ni zamu ya wakubwa. Na shida ndiyo hiyo asubuhi. Asubuhi ndiyo riziki. Wanawake wakaacha mmoja mmoja, mpaka mwalimu akawa anafundisha madawati. Taasisi ikatoa taarifa: mwisho wa mwezi msimamizi atakuja, na akikuta hali ni ileile, darasa la wakubwa litafungwa.

"Litafungwa nikiwa ndani," alisema Mama Magodoro. Kesho yake ndiyo akatoka na godoro.

Mwalimu alimzuia mlangoni. "Mama, hili ni darasa, si karakana."

"Mwanangu, mikono yangu ina kazi. Macho na masikio yamekaa bure. Si uyafundishe hayo?"

Akapita, akakaa nyuma, akaanza kushindilia pamba. Siku ile mwalimu alipiga chafya nyingi kuliko herufi alizotamka. Lakini habari ilitembea. Muuza karanga akaja na ungo wake, anamenya huku anafuata ubao. Mfuma vitambaa akaja na uzi. Mwenye mapacha akaja na mapacha. Shemeji yake Mama Magodoro akasimama dirishani kuwadhihaki.

"Shemeji, unasoma na mvi zote hizo?"

"Mvi hazisomi, shemeji. Nasoma mimi. Na utoke hapo, unanizibia mwanga."

Msimamizi alipofika, dada mmoja mpole mwenye haraka, ilibidi aruke godoro ndipo aingie. Akatazama maganda ya karanga, akatazama pamba inavyoelea, akashusha pumzi.

"Jamani, taratibu zetu haziruhusu kazi za biashara darasani. Kamati wakiona hivi watasemaje?"

Muuza karanga akausukuma ungo chini ya dawati. Mama Magodoro hakuficha kitu.

"Dada, niambie kwanza. Tumejaa, hatujajaa?"

"Mmejaa, mama."

"Mlisema mnafunga kwa sababu hatuji. Haya, tumekuja. Na kazi tumekuja nazo, maana tukiziacha watoto wanalala na njaa, halafu hapa hutatuona tena. Ukitaka kulitoa godoro, nitoe na mimi. Ila utanibeba mwenyewe, sinyanyuki."

Mwalimu aligeukia ubao kuficha kicheko. Msimamizi naye akashindwa kujizuia. Akavuta benchi akaketi, anajipangusa pamba mabegani.

"Mama, mimi siamui peke yangu," akasema. "Kamati inakutana kesho. Niwaambie nini?"

Mama Magodoro akaichomeka sindano kwenye godoro isije ikapotea, akamtazama usoni.

"Waambie tunaomba darasa liendelee, na tuachwe tuingie na kazi zetu."