Bi Cherehani na Fundo la Waya

Bi Cherehani alipostaafu ushonaji, watu walidhani atakaa mlangoni akimenya vitunguu na kusengenya wapita njia. Thubutu! Alikwenda mwenyewe ofisi ya hifadhi ya taifa, akajiandikisha na wanaojitolea, akapewa fulana ya kijani iliyomfika magotini. Akaipunguza siku hiyohiyo. Wiki ya pili akawapunguzia wenzake wote bila kuombwa, maana jicho la fundi halivumilii mshono mbovu.

Kazi ilikuwa hivi. Kila Jumamosi watu kumi na wawili wanajipanga mstari mmoja, wanapita bondeni polepole wakitafuta mitego ya waya. Mtego mtupu unaukata kwa koleo, unatia kwenye mfuko. Lakini ukikuta mnyama hai amenaswa, marufuku kumgusa: unapiga filimbi, unasimama hapohapo, unamngoja daktari wa wanyama. Kuna bwana mmoja aliwahi kujitia ujuzi, pundamilia akamtandika teke, na taya lake hadi leo limekaa upande.

Jioni akirudi, kitindamimba wake, kijana mwenye ufundi wa kila kitu na kazi yoyote hana, amekwisha kumchemshia maji. Anamkanda miguu huku anamuuliza, "Haya mama, leo mmesafisha wapi?" Na mama, mdomo wake haukuwa na breki: bonde hili tumelimaliza, haturudi tena mpaka miezi mitatu, wiki ijayo tunahamia kule kwenye mawe. Jamani, ni wazazi wangapi wanaoulizwa habari za kazi yao na mtoto mzima? Alilala na furaha yake.

Sasa Jumamosi moja askari wa hifadhi aliyekuwa akiwaongoza akawabadilishia njia ghafla. Akawarudisha bonde walilolimaliza wiki tatu tu nyuma. Hawajaenda mbali, Bi Cherehani akamwona swala jike amelala ubavu, waya umemwingia shingoni, tumbo linapanda na kushuka. Akapiga filimbi mpaka masikio yakamuuma. Askari akaita kwa redio. Daktari yuko upande wa pili, gari limekwama kwenye tope, wasubiri.

Wakasubiri. Koleo analo mkononi, na kukata haruhusiwi. Akapiga magoti hatua mbili kutoka kwa yule mnyama, akawa hana la kufanya ila kuutazama waya. Ndipo akaliona fundo.

Wategaji wengi hupindua waya mara mbili, basi, ncha wanaiacha nje. Fundo hili lilikuwa limepinduliwa mara tatu kuelekea kushoto, kisha ncha ikakunjwa ndani isimchome mtu. Marehemu mumewe alikuwa akisuka mabanda ya kuku, na alifunga hivyo kwa sababu ya mikono ya watoto. Ufundi huo alimfundisha mtu mmoja tu. 

Swala alikata roho kabla daktari hajafika. Askari akaufungua waya, akauinua wote wauone. "Huu ni wa kumi na moja wa mkono huuhuu," alisema. "Mingine kumi tumeiokota sisi askari kwenye doria, na yote ilikuwa kwenye mabonde tuliyokwisha kuyamaliza. Huyu mtu anaijua ratiba yetu. Kati yetu kuna mdomo."

Wakatazamana. Yeye hakuna aliyemtazama. Nani amshuku mama aliyempunguzia fulana?

Jioni alikataa kukandwa. Alisimama katikati ya chumba na viatu vyake vya matope. "Nimeona fundo la baba yako," alimwambia kijana.

Kijana akainama. Kisha akasema, "Mama, miaka minne natafuta kazi. Unajua."

"Kwa hiyo miguu yangu ulikuwa unaikanda ili nikuonyeshe njia?"

"Miguu nilikuwa naikanda kwa sababu inakuuma."

Na kibaya zaidi, ilikuwa kweli. Angekuwa mtoto jeuri ingekuwa nafuu, angemfukuza na kumlaani. Huyu alilia. Akaapa ataacha, kama alivyoapa juu ya kamari, mara mbili.

Wiki nzima Bi Cherehani alikula kwa kulazimisha. Akisema, mtoto anakwenda jela, na si jela ya mwezi mmoja. Akinyamaza, kila Jumamosi anawachekea wenzake kwa meno ya uongo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini wahenga hawakumwambia mtu afanye nini akiwa analia tayari.

Jumamosi akadhani amepata njia. Alifika wa kwanza, wenzake bado. Askari alikuwa ametandaza ramani juu ya boneti ya gari. "Afadhali umewahi, mama fundi. Njoo nikuonyeshe tunapopita leo, na wiki ijayo..."

"Usinionyeshe, baba," alimkatiza, akaziba macho kwa kiganja. "Kuanzia leo mimi niambiwe tukishafika. Ya wiki ijayo nisiambiwe kabisa."

Alijiona ameziba tundu bila kumuumiza mtu. Askari alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Kisha kicheko kikamwisha. Akaikunja ramani taratibu.

"Mama," aliuliza kwa sauti ya chini, "nyumbani unaishi na nani?"

Fundi cherehani gani asiyejua kudanganya? Miaka arobaini aliwaambia wateja waje kesho, nguo iko tayari kasoro vifungo, na kitambaa hata hakijaguswa na mkasi. Leo alihitaji uongo mmoja tu. Aliutafuta kinywani, haukuwapo.

"Na mwanangu," alisema. "Tuko wawili tu."