Tiara la Kati

Mwaka jana nilikuwa naosha matiara ya wageni kule Tanga, yale makubwa ya kitambaa yanayomvuta mtu akiwa amesimama kwenye ubao juu ya maji. Nilipojua na mimi kuteleza, bosi akaniambia nichague moja kuukuu kati ya matatu, liwe langu la upepo wowote. Kubwa linataka upepo mdogo, dogo linataka upepo mkali. Nikashindwa kuamua. Nikampigia mama, Kwamndolwa, nikamweleza yote.

"Hilo kubwa si litakupeleka Pemba?" akauliza.

"Linaweza, mama."

"Basi chukua la kati. Mimi nilianza maisha na sufuria moja ya kati. Wageni wakizidi, napika mara mbili."

Nikachukua la kati. Upepo ukiwa mdogo wenzangu wanateleza, mimi nakaa mchangani nikiwashangilia, na wala sijajuta. Nilipopata likizo nikaenda nalo nyumbani. Mama akalitandaza uani, akalipapasa kama kitenge kipya, halafu akawaita majirani.

"Njooni mlione," akasema. "Nimelichagua mimi."