Uzi wa Fundi Mwinshehe

Jana kwenye arobaini ya Fundi Mwinshehe, mjukuu wake alisimama akasoma karatasi. Alizaliwa Kimamba, alikuwa sonara hapa Kilosa, alipenda kujitolea, ameacha watoto sita. Basi! Nilitamani kuinuka nimnyang'anye ile karatasi. Maisha yote yale ya mzee wa watu unayamaliza kabla chai haijapoa? Sasa njoo hapa mjukuu, kaa nikusimulie, maana tunaojua tumebaki wachache.

Mimi Teresia kwetu ni Mamboya. Nilimfahamu babu yako mwaka wa Uhuru, nikiwa na miaka kumi na saba. Shangazi yangu Anastazia alinitoa mlimani akaniweka kwake mjini, na kesho yake tu akanipeleka kwa sonara. "Mpime bangili ya fedha," akamwambia. "Mume wake yuko safarini." Mume gani? Nilikuwa na mimba ya miezi saba, aliyenipa ameshakimbilia mashamba ya mkonge Tanga, na shangazi alitaka nionekane mke wa mtu mpaka nijifungue.

Fundi hakuwa na rula wala daftari. Alinikunja kidole gumba, akazungusha uzi mweusi kwenye kiganja, akafunga fundo. Kila bangili aliyoitengeneza ilikuwa na uzi wake, na hakutupa hata mmoja. "Daftari ni la aliyesoma," alikuwa akisema. "Uzi hata bibi yangu anaujua." Mikono yangu ilikuwa imevimba. Akaitazama, akatazama kanga niliyojifunga tumboni, akasema, "Nitakuja kukupunguzia, binti yangu, ukishapata nafuu." Hakuuliza neno jingine.

Uchungu ulinijia kabla ya siku zake. Babu yako na wenzake watatu walikuwa na machela yao, na mgonjwa akizidiwa mtaani babu yako anafunga kibanda chake cha kazi, wanakwenda kumbeba, awe Mwislamu, awe Mkristo. Walinibeba mimi mpaka hospitali. Mtoto akatoka amekufa. Wa kiume. Shangazi alikuwa analia tu, hajiwezi, kwa hiyo Fundi ndiye aliyemchukua akaenda kumzika. Miaka miwili baadaye niliolewa na Samweli katekista, mtu mwema ila mkali, na alinioa akijua anaoa msichana. Bangili nikaificha chini ya sanduku. Shangazi alipofariki, siri ile tukabaki nayo wawili, mimi na Fundi; wenzake wa machela walidhani walibeba mke wa mtu.

Ukaja mwaka wa sabini na nne, watu tuhamie vijijini. Sisi tulipangiwa upande wa Mikumi. Malori yalikuwa yanabeba watu, mbuzi na masufuria kwa pamoja, na vitu vilikuwa vinapotea ovyo. Wanawake tukaona tumpe Fundi bangili zetu atutunzie mpaka tupate nyumba zenye milango. Zilifika ishirini na tatu, na ile yangu niliyoificha ikiwemo. Akaziweka kwenye kopo kubwa la biskuti, kila moja na uzi wake.

Mtu akaenda kumchongea. Katibu wa tawi, Lupakisyo, kijana wa kutoka Mbeya, akaja na mgambo wakalikuta kopo. Mnyonyaji huyo! Anajikusanyia mali za waliohamishwa! Fundi, kwa maringo yake ya kazi, akamweleza habari za nyuzi. Lo, alijifunga mwenyewe. Katibu akamwambia, "Vizuri sana. Jumamosi waje wote uwanjani. Kila bangili ipate mkono wake, na uzi ukubali. Ikibaki hata moja haina mwenyewe, wewe unakwenda mahabusu."

Jumamosi nilipanda lori na Samweli tangu alfajiri. Nikijitokeza, uzi utanikataa, na nitaulizwa kwa nini. Nisipojitokeza, Fundi anafungwa. Samweli hajui chochote, amekaa pembeni yangu anasema, "Tutamwombea."

Wakaanza kuita. Mwanakheri wa Msowero akatoa mkono, uzi ukashika, bangili ikaingia. Akafuata mwingine, na mwingine. Kila mmoja akipita nilikuwa nahesabu zilizobaki koponi. Ikabaki moja.

Katibu akainyanyua juu. "Ya nani?" Akamgeukia babu yako. "Fundi, ya nani hii?"

Babu yako aliniona. Akamwona na Samweli pembeni yangu. Akatazama chini, akasema, "Siijui."

"Huijui? Si ulisema kila uzi unaujua?"

"Huo umenitoka, Ndugu Katibu."

Mgambo akatoa kamba. Mke wa Fundi akapiga yowe. Nami nikapandwa na hasira, jamani, nikamkasirikia Fundi kuliko hata katibu. Nani kamtuma afungwe yeye kwa ajili yangu? Nikasimama.

"Ni yangu."

Katibu akanizungushia uzi, ukazidi kwa vidole viwili. Akanivisha bangili, ikapita ikaanguka chini. Watu wakacheka. "Wewe mama, amekupa nini uje kumdanganyia?"

"Teresia, kaa chini," Samweli akaninong'oneza. "Usijitie aibu."

"Nilipimwa nina mimba," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mwaka wa Uhuru, sijaolewa. Mikono ilikuwa imevimba. Mtoto nilimzaa mfu, na huyu mnayemfunga kamba ndiye aliyemzika. Alitaka kunipunguzia, mimi ndiye niliyekataa kurudi. Mwanangu hakuacha nguo wala jina. Ameacha upana huo tu, na sitaki upunguzwe."

Hakuna aliyecheka tena. Katibu aliinama mwenyewe akaiokota bangili, akanipa, akamwambia mgambo amwachie mzee. Fundi alikuwa analia waziwazi mbele ya watu. Samweli aliinuka akaenda zake, nikarudi Mikumi peke yangu.

Alirudi kesho yake, na mwezi mzima akala chakula changu bila kunisemesha. Mimi nilikuwa nimeshafunga nguo zangu nikisubiri tu aniambie nirudi kwetu. Jumapili moja akitoka kusali akaniuliza, "Kaburi liko wapi?"

Sikujua. Haya, niliona aibu kuliko ile ya uwanjani. Ikabidi twende Kilosa kwa Fundi. Akafunga kibanda, akatutangulia mpaka nyuma ya makaburi, mahali pamejaa magugu mpaka kiunoni. Katikati palikuwa na kijisehemu kidogo, urefu wa mkono, kimepaliliwa, kimezungushiwa mawe.

"Nani anapalilia?" Samweli akauliza.

"Mimi," Fundi akasema. "Kila mwaka, siku ya Uhuru."

Miaka kumi na mitatu. Andika hilo kwenye karatasi yako, mjukuu. Na jembe lake mniachie mimi.