Nilikula Chakula Changu Juu ya Mama Mkubwa Lalie

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msipate raha ya kunigundua wenyewe.

Niliweka mkate wangu, uliojazwa kamba wa baharini wa kukaanga, juu ya marehemu. Nikala. Nikalamba na vidole.

Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, siku ambayo sisi Wakrioli wa New Orleans tunahamia makaburini. Unang'oa majani, unapaka chokaa, unapanga maua, unawasengenya walio hai. Mimi ni fundi lipu, kwa hiyo kazi ya chokaa huniangukia kila mwaka bila mjadala. Mama, aliyeshapita themanini, alikaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, akinisimamia.

"Natole, kona ile umeiruka."

"Naifikia, Mama."

"Marehemu baba yako naye alikuwa anaifikia. Mpaka leo."

Ndipo akaja mzungu mmoja. Mwekundu kwa jua, shati limemganda mgongoni, kakumbatia kisanduku cha mbao. Akakiweka kwenye ukingo wa kaburi letu, kijumba cha matofali chenye ukoo mzima ndani, akabaki amesimama kama mtu aliyepotezana na mkewe sokoni.

Mtalii huyu, nikajisemea.

"Kaburi la yule mganga mashuhuri mnalolifuata watalii liko kule mbele, bosi. Fuata foleni. Hapa tumelala watu wa kawaida tu."

Hakucheka.

Njaa ilikuwa imenibana, na kile kisanduku kilikuwa kimekaa kimeza-meza. Nikaweka mkate wangu. Nikaushughulikia.

Jamaa alinitazama mpaka nilipomaliza. Kisha akasema taratibu:

"Samahani. Huyo ni mama yangu."

"Nani?"

"Huyo uliyemfanya meza."

Kamba wote wakasimama kooni.

Alikuwa amebeba majivu. Jina lake Warren, katokea California. Mama yake aliacha maneno kwamba akifa achomwe, aletwe hapa, kwenye kaburi la akina Desvigne.

Nikageuka kuutazama ukuta niliokuwa naupaka. DESVIGNE, herufi kubwa, chokaa bado mbichi.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Eulalie."

Mwavuli wa Mama ukaanguka.

Eulalie, Lalie, alikuwa dada mkubwa wa Mama. Baba mmoja, mama mmoja, kitanda kimoja. Ila Lalie alizaliwa mweupe kiasi cha kupita popote bila kuulizwa, na Mama akazaliwa rangi ya kahawa yenye maziwa kidogo. Enzi hizo rangi ndiyo iliyokuchagulia kiti kwenye tramu, na shule, na mume. Lalie akapata kazi ofisini kama mzungu. Akaolewa na mzungu, ndoa ambayo sheria ingeivunja siku ileile ingejua yeye ni mtoto wa nani. Wakahamia California.

Kwisha habari. Hata mama yao alipozikwa, Lalie hakuja.

Na kila mwaka, hapo hapo makaburini, Mama alitusimulia jambo moja. Kabla Lalie hajahama, walikutana kwenye duka la kofia, mtaa wa Canal. Watu wa rangi ya Mama walikuwa hawaruhusiwi hata kujaribu kofia zile. Ikikugusa kichwani umeinunua. Lalie amesimama mbele ya kioo, kofia kichwani, mume pembeni. Wakatazamana, dada na mdogo wake.

Lalie akageuza uso.

Mimi nimelelewa na ule uso uliogeuka.

"Rudi naye kwenu," nikamwambia Warren. "Alichagua weupe wake, akalale nao."

"Kwetu ndiko wapi?" akauliza. "Haya mambo nimeyajua mwezi uliopita. Alinieleza akiwa hoi kitandani, nikadhani ni dawa zinaongea. Mtu mzima mimi, nina wajukuu. Maisha yangu yote niliamini hatuna ndugu."

"Pole. Tulikuwepo. Hamkupiga hodi."

"Aliogopa. Alisema dada yake alimkataa."

"Nani alimkataa nani?"

"Dukani. Anasema alishavua ile kofia, akainua mkono amsalimie, mumewe akiwa palepale, liwalo na liwe. Dada yake akampa mgongo, akatoka nje."

Nikacheka, cheko la dharau. "Umesikia, Mama? Uongo mpaka ndani ya sanduku!"

Mama hakucheka.

"Mama?"

"Alivua kofia," akasema. "Hiyo sijawahi kumwambia mtu."

Nikageuka kumtazama.

"Niliuona mkono unapanda. Nikauona na mdomo, unataka kuniita Mena, kama nyumbani. Mume yuko pale. Muuzaji yuko pale. Angelitamka tu lile jina, asingetoka na kitu mle dukani, wala ndoa, wala kazi. Nikageuka mimi kwanza."

"Sasa miaka yote hii, kwa nini ulituambia ni yeye?"

"Nilidhani ataelewa kwamba nimemuokoa. Nikakaa nangoja barua. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha. Nikachoka kungoja, Natole. Hasira ilikuwa inanipumzisha."

Akanyoosha mikono. Warren akampa kisanduku. Mama akavua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kupangusa mafuta ya kamba wangu, polepole, kama anayemfuta mtoto mdomo.

"Lalie. Lalie, mpumbavu we. Si ungeandika? Au mimi, si ningeandika?"

Akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata tulipomzika baba. Warren akapiga magoti kwenye majani, asijue amshike wapi.

Mtadhani hapo nilinyamaza. Wapi! Mtu ukishabeba kinyongo cha kurithi, kukitua ghafla unaona kama umeibiwa.

"Sawa, Mama," nikasema. "Hakukukataa wewe. Lakini ukoo? Kaishi mzungu, kafa mzungu, hata karatasi zake zinasema mzungu. Humu ndani anaingia kama nani?"

Kabla sijawapa alichonijibu, chukueni somo lenu. Kama kuna ndugu unayengoja akuanze, muanze wewe, leo. Hawa wawili walingojana mpaka mmoja akawa majivu. Na ninyi mnaonijazia ujumbe mkiuliza Mkrioli ni nani hasa, Mfaransa au Mwafrika au vipi, jibu langu ni hilihili la Mama, sina jingine.

Alifuta macho kwa mkono, akaelekeza kidole kwenye kaburi.

"Humo yumo Mfaransa aliyekuja na bunduki. Yumo bibi aliyeletwa na pingu kutoka Senegali. Yumo mke Mhindi Mwekundu, mwenyeji wa nchi hii, na yumo yule aliyekimbia vita Haiti na mtoto mgongoni. Kila tukimzika mpya, waliotangulia tunawasukuma nyuma, wanadondokea shimo moja. Baba yako ulimsukuma mwenyewe. Haya, shuka, Natole. Mifupa ya weupe iweke kulia, ya weusi kushoto. Ukimaliza kuitenganisha, niite, ndipo tumjadili Lalie."